Mwaka wa Kulisha Friji

Tuliokula kimanga, ule mseto wetu wa Kitaita wa kuponda, siku ile tulikuwa hawa. Mimi Mghoi, ambaye pale kwenye ploti nilikuwa naitwa Mama Wakesho, kwa jina la binti yangu. Bi Zuhura wa chumba cha mbele, aliyekuwa akipika mahamri na viazi karai mlangoni pake. Wekesa wa chumba cha pembeni, mtu wa Bungoma aliyeletwa Voi na kazi ya reli, na mkewe Mama Nafula, na binti yao Nafula ambaye bado alikuwa shule ya msingi. Na Kioko wa bodaboda, Mkamba, kijana asiyekuwa ndugu wa mtu yeyote pale lakini akila kwa kila mtu. Damu haikutuunganisha. Kilichotuunganisha ni mita moja ya stima iliyopigiliwa ukutani juu ya mlango wa Bi Zuhura, sisi sote tukiichangia tokeni, na nawaambia, ukiishi na watu mita moja utawajua kuliko unavyojua watu wa tumbo moja. Utajua nani anapiga pasi kila asubuhi, nani analala na taa kwa sababu ya ndoto, nani anasema hana simu ya pili na chaja mbili ziko ukutani.

Nayakumbuka haya kwa sababu Bi Zuhura amefariki, mwezi uliopita. Nilikwenda kwenye hitima yake hapo Voi, nikaketi ndani na wanawake wenzangu, na Mama Nafula akaja akajipenyeza karibu yangu, amenenepa, ana miwani. Pilau ikaletwa. Alipoonja akasema, "Hii imeshika chumvi vizuri kama ile kimanga ya Wakesho." Kioko alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, siku hizi ana mke na tumbo, akasikia. Akasema, "Gani? Ile ya kwa friji? Ile haikuwa na chumvi hata chembe, Mama Nafula." Mama Nafula akamwambia, "Wewe ulikuwa unakula hata ugali imeungua, utajua chumvi na nini?" Watu wakacheka. Wale wawili wakaendelea kubishana kwa mzaha tu, kama watu waliokaa nyumba moja, wala hawakuona kwamba mkono wangu umebaki kwenye sinia. Tangu siku hiyo ule mwaka umerudi kukaa na mimi. Nikilala nasikia friji.

Watu husema ujana ndio unaomfinyanga mtu. Mimi mwaka ulionifinyanga ulinikuta nimeshapata wajukuu kwa mwanangu Mwadime, na meno ya upande mmoja yameshang'oka. Tulikuwa tukiishi mtaa wa Sofia, hapo Voi, mimi na Wakesho, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua mekundu. Upande wa dirisha kitanda changu, upande wa mlango kitanda chake, na kati yetu, imeegemea ukuta wa mabati, friji ndogo inayofika kiunoni. Aliinunua Wakesho kutoka gesti moja iliyokuwa ikifungwa. Mlangoni ilikuwa na alama ya gundi pale walipokuwa wamebandika namba ya chumba, na mpira wake ulikuwa umekauka. Akagandisha ndani yake barafu za ukwaju na za ubuyu, akawauzia watoto wa shule, na Voi ninyi mnaijua kwa joto lake, hakuna aliyesema neno juu ya stima. Kila barafu ilipotoka, friji ilikuwa inajilipia. Mimi nilikuwa na presha. Wakesho alinipeleka kliniki, na nesi alipotaja chumvi mara moja tu, binti yangu akaifungia chumvi ya nyumba ile kama pombe. Nikawa nakula mboga kama mgonjwa wa wodini. Nikawa namwambia, kila kitu sawa, lakini kimanga bila chumvi ni udongo, mama yangu angenicheka. Naye anasema, "Mama, udongo hauui."

Siku moja nilipanda Sagalla kwenye mazishi ya mtu wa kanisa letu, nikalala huko. Wakesho naye alikuwa na safari ya Njukini kufuata maharagwe, kwa kuwa sokoni kule yalikuwa bei nzuri. Asubuhi akanipigia simu. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya maji, ndoo mguuni, upepo unapiga kwenye simu. Akasema, "Mama, nimekuwekea kimanga kwa friji. Ya maharagwe na viazi vitamu na malenge. Ukirudi upashe tu." Nikamuuliza, "Umetia chumvi?" Akacheka. Wakesho alikuwa na kicheko kinachoanzia puani. Akasema, "Utaonja mwenyewe." Basi. Gari alilopanda lilipinduka kabla ya kufika Taveta. Sitaandika zaidi ya hapo juu ya gari.

Niliporudi ploti, habari ilikuwa imenitangulia na chumba kimeshajaa wanawake. Walikuwa wamekunja pazia la maua mekundu na kulitundika juu ya msumari ili watu wapate kukaa, na kuona kitanda chake kutoka kwenye changu, bila pazia, ndiko kulikoniangusha. Tukamzika kwetu mlimani, nikakaa matanga, watu wakaondoka, nikashuka Voi peke yangu. Nilifungua friji kutafuta maji. Chini hakukuwa na kitu. Juu, kwenye kile kichumba cha barafu, kulikuwa na bakuli la bluu limefunikwa kwa sahani, limeganda kama jiwe. Nilipoinua sahani nikaona mwiko wake. Simaanishi mwiko wenyewe, namaanisha njia ya mwiko. Wakesho alikuwa na desturi, akimaliza kuponda kimanga analowesha mwiko na kusawazisha juu kwa kuzungusha, na mwisho anauinua kwa haraka, pakabaki mkia mdogo umesimama katikati. Ule mkia ulikuwepo, umeota barafu. Nikafunika. Nikafunga mlango. Nikakaa kitandani kwake kuisikiliza friji ikishika, ikinguruma, ikitikisa kijiko kilichokuwa juu yake, kisha ikiachia kwa kuhema kama mtu aliyetua mzigo. Nikajua siwezi kuichomoa.

Hapo ndipo mwaka ulipoanza. Barafu sikuuza, maana sikuweza kufungua mlango ule mara kwa mara nikatoa na kutia. Nilikuwa nauza mchicha na kunde kidogo barazani, na faida yote ikawa inakwenda ukutani kwa Bi Zuhura, kwenye mita. Tokeni iliyokuwa ikitufikisha mwisho wa mwezi ikawa inaishia njiani. Mita ikianza kulia ile tii, tii, tii, milango yote inafunguliwa na kila mtu anaangalia mlango wangu. Kioko alikuwa ananiita susu, ndivyo Wakamba wanavyomwita bibi. "Susu, hii friji inatumaliza, bana. Na hauuzi hata barafu. Inafanya nini humo?" Nikasema, "Inaweka maji." Wekesa akasema, "Maji ya nani? Ya ng'ombe?" Mama Nafula akamkanyaga mguu, lakini jioni nikamsikia ukutani, maana ukuta wa kati yetu ulikuwa mbao nyembamba, akimwambia mumewe, "Yule mama analisha friji kuliko anavyojilisha. Umeona mikono yake?" Nikaangalia mikono yangu. Alikuwa amesema kweli.

Wakatafuta dawa. Wekesa, ambaye alifanya kazi na mitambo maisha yake yote na hakupenda kubishiwa, akatangaza kwamba kinachokula stima ni taa ya ndani. Alisema ukifunga mlango taa haizimiki, inabaki inawaka mle usiku na mchana, nani atajua? Kioko akasema inazimika. Wakabishana hadi Nafula akachelewa shule. Mwishoni Kioko akasema ataingiza simu yake irekodi video. Nikasimama mbele ya mlango. Nikasema atie upande wa chini, kwa haraka, na asiguse juu. Akatia, akafunga, tukangoja ua mzima, hata Bi Zuhura akaepua karai. Kioko akaitoa simu, akacheka, "Giza totoro, Mzee Wekesa!" Wekesa akaitazama ile video, akasema, "Hiyo taa imeona simu ikajizima." Nakwambia, tulicheka siku hiyo. Mimi pia nilicheka, nikashtuka kusikia sauti yangu. Lakini Wekesa hakukubali kushindwa, akaichomoa balbu akaitia mfukoni, na kuanzia hapo nikifungua friji nilikuwa nafungua giza. Nilikuwa naingiza mkono na kupapasa hadi niguse ubaridi wa bakuli, nalitambua kwa ufa wa ukingoni, kisha nafunga. Kila Jumapili baada ya kanisa. Sikuwa nalitoa. Nilikuwa nagusa tu.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa akituambia kwamba zamani wazee wa kwetu mlimani hawakuachwa kaburini moja kwa moja. Baada ya muda fuvu la mzee lilifukuliwa, likapelekwa kwenye pango la ukoo, likapangwa pamoja na ya wenzake, na watu wakawa wanakwenda kusema nao penye shida. Tulipobatizwa tukaambiwa tuachane na mambo hayo, tukaachana nayo, na mapango yale mtoto alikuwa haonyeshwi hata kwa kidole. Miaka yote sikuwahi kuyafikiria. Jumapili moja mkono wangu ukiwa ndani ya giza lile la baridi, nimevaa kitambaa changu cha umoja wa akina mama, nikayafikiria. Nikatoa mkono haraka. Nikaomba. Na Jumapili iliyofuata nikarudi tena kugusa.

Bi Zuhura ndiye aliyeleta fundi, kijana wa Mwatate jina lake Shali. Alichukua karatasi ya kalenda, akaibana mlangoni mwa friji, akaivuta, ikatoka bila kushikwa. Akasema, "Nyanya, mlango unavuja baridi. Hii mashine ni ndogo, haili sana, lakini imewekwa kwa mabati ya moto na inavuja, kwa hivyo haipumziki. Ni kama mtu anachota maji kwa ndoo imetoboka." Akasugua mpira kwa maji moto, akaupaka mafuta ya kujipaka, akaisogeza friji mbali na mabati, akaniambia nijaze chini chupa za maji, baridi ikae mle hata ikiachia. Akatuonyesha kwenye mita kile kitaa chekundu kinachokonyeza: kikikonyeza haraka stima inakwenda, kikikonyeza polepole imetulia. Basi ua mzima ukawa unasoma macho ya mita. Nafula akitoka kwenda chooni anapiga kelele, "Nyanya, imetulia!" Tokeni ikaanza kusogea mbele tena, si kama zamani, lakini ikasogea. Lakini chumba kilibaki na sauti ile, kushika na kuachia, na sasa ilikuwa inakaa kimya kirefu kabla ya kushika, na kile kimya kilikuwa kibaya zaidi. Nilikuwa nashindwa kuvuta pumzi mpaka ishike.

Kisha transfoma ya mtaa ikalipuka. Ilikuwa mchana, tukasikia mlio na kuona moshi, na Kioko akasema hiyo si ya kurudi leo. Nilitoa mablanketi yote vitandani, langu na la Wakesho, nikaizungushia friji, nikafunga kwa leso, nikakaa mbele yake sakafuni. Walinikuta hivyo. Kioko akataka kucheka, nikamwona akikiangalia kichwa cha friji kimetokeza kwenye blanketi kama mtoto mwenye homa. "Susu, unalea nini?" Mama Nafula hakuwa na mzaha siku hiyo. Alikuwa amechanga kama wengine mwaka mzima. Akasema, "Mama Wakesho, tumenyamaza vya kutosha. Fungua tuone. Kama ni maji, ni maji gani ya kufungiwa blanketi?" Akanyoosha mkono kwenye leso.  

Ni Bi Zuhura aliyesema, kutoka mlangoni, na mikono yake imejaa unga. "Toa mkono wako, mwanangu. Usiufungue mlango huo. Ndani mna chakula alichopika Wakesho asubuhi ile aliyoondoka." Mama Nafula akarudisha mkono kama aliyeungua. Bi Zuhura akaendelea, taratibu, kwa Kiswahili chake cha pwani, "Mimi ndiye niliyekitoa chini nikakitia kwenye barafu, siku ya msiba, tulipokuwa tukisafisha chumba. Niliona kitaharibika na mwenyewe hajakionja. Sikusema, maana halikuwa langu la kusema." Mwaka mzima alikuwa anajua. Mwaka mzima, tokeni ikiisha, yeye alikuwa wa kwanza kuchanga na hakuwahi kuutazama mlango wangu. Mama Nafula aliketi sakafuni karibu yangu, akaegemeza mgongo kwenye blanketi. Wekesa akaja baada ya muda, akasimama, akatoa ile balbu mfukoni, akaiweka juu ya friji. Akatoka.

Kesho yake mchana stima ilikuwa haijarudi na maji yakaanza kutoka chini ya mlango, uzi mwembamba uliopita kwenye sakafu ukafika kwenye miguu ya kitanda cha Wakesho. Kioko alikuwa amekwenda mpaka mjini, akarudi amelowa jasho, akasema mwenye bucha fulani ana jenereta na amekubali kutuwekea bakuli. "Twende, Susu, nitaendesha pole pole, utalipakata." Ninamshukuru kijana yule hadi leo. Lakini akilini niliona bakuli la bluu limelala kati ya miguu ya mbuzi, na mtu nisiyemjua akilisukuma apate kutoa figo. Nikasema hapana. Nikafungua leso. Nikafungua mlango, na kwa mara ya kwanza tangu balbu itoke, mwanga wa mchana ukaingia mle ndani, nikaliona bakuli, na njia ya mwiko ikiwa inang'aa kwa maji, na ule mkia wa katikati umeanza kulala. Nikasema, "Kisiozee mbele yangu. Tukile."

Hakuna aliyebisha. Kilikuwa bado na moyo wa barafu, hakikuwa na harufu yoyote mbaya. Bi Zuhura alimwaga mafuta ya viazi, akasugua karai kwa majivu, akawasha mkaa. Alinipa mimi nikimimine, lakini mikono ilikataa, akanishika viganja tukamimina pamoja. Nikauona mkia ukianguka kwanza. Akakipasha sana, hadi kikafoka moshi na kushika chini, akakigeuza, akatoa ukoko. Tukala uani, kwenye kivuli cha ukuta, kila mtu na kijiko chake. Wekesa alivua kofia. Nafula alilamba karai hadi mama yake akampiga kofi la mgongo. Hakuna aliyesema kitamu au kibaya, ilikuwa kama watu wanaokula meza ya Bwana. Mimi nilikula. Nakumbuka kijiko, nakumbuka moto wake ulimini, nakumbuka kipande cha ukoko kilichonikwama jinoni na nikakiacha hapo hadi jioni. Nilimeza kila kitu.

Jua lilipoanza kushuka stima ikarudi. Mtaa mzima ukapiga kelele kama goli limeingia. Na mle chumbani kwangu, friji ikashika. Ikanguruma, ikatikisa ile balbu ya Wekesa juu yake. Tuliangaliana. Ilikuwa imechomekwa muda wote, hakuna aliyekumbuka kuichomoa, nayo ikarudi kazini kama mfanyakazi ambaye hakuambiwa kwamba tajiri amehama. Nikaingia, nikaichomoa mwenyewe. Ikahema, ikatulia. Usiku ule sikusikia kitu chochote, na ndio usiku nilioelewa kwamba Wakesho hayuko.

Sasa ninaishi kwa Mwadime, Mwatate. Friji nilikuja nayo, naweka unga, wadudu chungu hawaingii. Wajukuu wananiuliza, "Wawa, kwa nini friji yako haichomekwi?" Nawaambia imestaafu. Na ninyi mtaona ni jambo dogo, lakini nakumbuka majina ya wote waliobeba jeneza la binti yangu, na jina la kijana aliyetuuzia misumari, na la mbwa wa fundi Shali, alikuwa anaitwa Simba na alikuwa mwoga. Ladha ya kimanga kile siikumbuki. Nimekaa nikautafuta mwaka ule wote mdomoni, napata moto tu. Kama alitia chumvi, basi alinisikiliza, siku ile moja. Kama hakutia, basi alitaka niishi. Aliyekuwa na ulimi wa kujua, aliyepikia watu maisha yake yote, ni Bi Zuhura, na nilikaa naye miaka baada ya hapo, tukinywa chai, na sikumuuliza, maana nilidhani ninajua.

Wekesa alirudi kwao Bungoma bila mkewe na simu yake haipatikani. Nafula ameolewa Njukini, huko huko alikokuwa anakwenda Wakesho, na namba yake ninayo. Sijapiga. Kwa hiyo ninyi mliokuwepo, kama haya yatawafikia, na kama nimekosea chumba cha mtu, au nimempa Wekesa kofia ambayo hakuwa nayo, au kama maneno ya Mama Nafula aliyasema Kioko, nisahihisheni, wala sitakasirika, mimi ni mzee. Lakini lile la chumvi, msije wawili wawili mkabishana mbele yangu. Aje mmoja. Nitamtolea kiti, na aniambie kwa sauti ya chini.